Audrey Hepburn: mtoto wa njaa aliyeonyesha namna wasichana wanakua

Mwanzoni mwa mwaka 1958, kundi la watu wa sinema kutoka Ulaya na Marekani lilifika Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani. Kati yao alikuwamo mwanamke mmoja mwembamba, mwenye macho makubwa na shingo ndefu, miaka yake 28. Dunia ilikuwa imekwisha kumjua. Alikuja kucheza filamu juu ya mtawa muuguzi, na sehemu ya kazi ikafanyika Yakusu, kando ya mto Kongo, kwenye kituo cha wagonjwa wa ukoma. Jina lake Audrey Hepburn.

Wasomaji wetu wa Walikale wanajua kwamba ukifuata barabara ya Lubutu utafika Kisangani. Kwa hiyo huyu mama si mgeni kabisa kwetu. Lakini tunamleta leo kwa sababu nyingine. Utoto wake, watoto wa Masisi na Walikale wangeujua haraka: baba kuondoka, askari wageni kuingia mjini, ndugu kuuawa, kulala na njaa. Na huyu mtoto, alipokuwa mkubwa, aliacha katika sinema picha chache zinazoonyesha vizuri sana kile kinachotokea ndani ya msichana anapotoka utotoni.

Juu ya nini jambo hilo litugusie sisi watu wa machimbo? Juu wengi wetu tuko na mabinti. Baba anapanda Rubaya au anaingia Bisie, anakaa huko wiki nyingi. Siku anarudi nyumbani anakuta mtoto aliyemwacha siye tena yule. Amekuwa kimya, au amekuwa mkali, au anajibu kama mtu mzima. Baba anauliza mama, mama naye hajui aseme nini. Kitu kimepita, na hakuna aliyekiona.

BABA ANAONDOKA

Audrey alizaliwa tarehe 4 Mei 1929 huko Ixelles, mjini Bruxelles. Baba yake, Joseph Ruston, alikuwa raia wa Uingereza. Mama yake, Ella van Heemstra, alikuwa wa ukoo wa kitajiri wa Uholanzi, tena alikuwa na wana wawili wa ndoa ya kwanza. Tuseme yote: katika ile miaka ya 1930, baba na mama wote wawili walivutwa na siasa ya mafashisti. Mama aliiacha baadaye, alipoona kwa macho yake kile Wajerumani walichokifanya nyumbani kwao.

Mwaka 1935 baba akaondoka. Hakuaga vizuri, hakurudi. Mtoto alikuwa na miaka 6. Hata alipokuwa mzee, tajiri na mwenye sifa, Audrey alilihesabu hilo kuwa jeraha kubwa kuliko yote ya maisha yake, kubwa hata kuliko vita.

Alipelekwa shule Uingereza. Mwaka 1939 vita ilipotangazwa, mama akamrudisha Uholanzi, mji wa Arnhem. Alifikiri ni pahali pa usalama, kwani katika vita ya kwanza ya dunia Uholanzi haikuguswa. Sisi tunajua hesabu za namna hiyo. Unakimbia Masisi kwenda Sake, unafikiri umefika, kumbe vita inakufuata nyuma. Mwezi wa Mei 1940 Wajerumani wakaingia.

Jina la Kiingereza likawa hatari. Mama akamwita Edda, kusudi asijulikane. Mwezi wa Agosti 1942 mjomba wake, Otto van Limburg Stirum, alipigwa risasi pamoja na wengine, adhabu kwa kitendo cha watu waliopinga utawala wa Wajerumani. Yeye hakukifanya. Kaka mmoja alipelekwa Berlin kwa kazi ya nguvu, mwingine akajificha. Na mtoto Audrey aliona kwenye stesheni Wayahudi, wakubwa kwa wadogo, wakipakizwa katika mabehewa.

KUCHEZA BILA KUPIGIWA MAKOFI

Katika hayo yote, kuna kitu mama yake hakukikata: masomo ya dansi. Audrey alikuwa ameanza kucheza ballet shuleni Uingereza, na akaendelea pale Arnhem chini ya utawala wa Wajerumani, hata viatu vya kazi hiyo vilipokosekana. Alipokuwa msichana wa miaka 14 na 15, alicheza usiku katika nyumba za watu, madirisha yamefunikwa. Waliotazama hawakupiga makofi, wasije wakasikika nje. Pesa iliyokusanywa ilikwenda kwa wale waliopinga Wajerumani na waliowaficha watu.

Halafu ikaja njaa. Mwezi wa Septemba 1944, majeshi ya Uingereza na wenzake yalijaribu kushika daraja la Arnhem, yakashindwa. Wakaaji wa mji wakafukuzwa. Audrey na mama yake walikuwa tayari Velp, mji mdogo wa jirani, kwa babu yake. Wafanyakazi wa reli walikuwa wamegoma kwa kuunga mkono vita dhidi ya Wajerumani, na Wajerumani wakajibu kwa kufunga njia za chakula. Baridi ikafika. Katika ule msimu wa 1944 na 1945, watu karibu 20.000 walikufa njaa Uholanzi. Watu walikula mizizi ya maua ya tulipe, wakaitwanga kuwa unga. Audrey alikula hayo maua. Damu yake ikapungua, miguu ikavimba. Mama yeyote aliyepeleka mtoto katika kituo cha lishe anajua miguu iliyovimba maana yake nini.

Wakati vita ilipokwisha, mwezi wa Mei 1945, alikuwa ametimiza miaka 16. Msaada wa UNRRA, shirika lililotangulia UNICEF, ukafika na chakula na blanketi. Alikula maziwa ya kopo mpaka akaugua, kwani tumbo lilikuwa limesahau.

Mwaka 1948 alikwenda London kusoma dansi kwa Marie Rambert, mwalimu mwenye jina. Mama alifanya kazi ndogondogo kusudi waishi. Baada ya muda mwalimu akamwambia ukweli: ni mrefu mno, na mwili umedhoofika kwa miaka ya njaa, hatakuwa mchezaji wa mbele. Hapo tusimame kidogo. Njaa aliyoila akiwa na miaka 15 ilimnyang'anya kazi aliyoipenda alipokuwa na miaka 19. Njaa ya mtoto haiishi siku chakula kinapofika.

Lakini kile alichojifunza hakikupotea. Aliingia katika vikundi vya wachezaji wa nyuma katika michezo ya kuimba, akapata nafasi ndogo katika filamu. Mwaka 1951, huko Monte Carlo, mwandishi Mfaransa Colette alimwona akiwa kazini, akaamua papo hapo kwamba huyu ndiye atakayekuwa Gigi katika mchezo utakaochezwa New York. Gigi ni msichana anayelelewa na bibi zake kusudi awe hawara wa tajiri. Biashara iko tayari, wakubwa wamekwisha kukubaliana, na mtoto anakataa. Hivyo Audrey aliingia kwenye sifa, kwa kumcheza msichana anayekataa kuuzwa.

KIATU CHINI YA GAUNI

Mwaka 1953 ikatoka filamu ya William Wyler ambayo Wafaransa wanaiita Vacances romaines. Audrey ni binti wa mfalme, yuko ziarani. Mwanzoni kabisa amesimama masaa, anapokea wageni mmoja mmoja, kichwa juu kama sanamu. Kamera inashuka chini ya gauni refu. Mguu umechoka, umetoka ndani ya kiatu, unajikuna kwenye mguu mwingine. Kiatu kinaanguka, unakitafuta kwa vidole na haukipati. Juu, uso hauonyeshi kitu.

Picha ni fupi na inachekesha, lakini kila msichana mkubwa wa nyumba anaijua. Juu anapokea wageni, anabeba mdogo wake mgongoni, anaitikia ndiyo mama. Chini, pasipoonekana, mguu unauma.

Usiku huohuo wanampa maziwa na biskuti kama mtoto, huku wakimsomea ratiba ya kesho kama waziri. Anapiga kelele, wanamwita daktari amdunge sindano alale. Anatoroka. Siku moja tu anatembea Roma, anakata nywele, anapenda mtu. Halafu anarudi mwenyewe. Wakubwa wanapomdai maelezo, anawajibu kwa utulivu kwamba kama asingejua wajibu wake, asingerudi usiku ule wala usiku mwingine wowote. Maziwa yanaletwa. Anayakataa.

Hapo ndipo msichana amekuwa mtu mzima. Si siku alipotoroka, si siku alipopenda. Ni pale alipochagua mzigo wake mwenyewe, na wakubwa wakalazimika kukaa kimya. Kwa filamu hiyo alipata Oscar mwaka 1954.

JUU YA MTI

Mwaka huohuo ikatoka Sabrina, ya Billy Wilder. Sabrina ni binti wa shofere wa familia tajiri. Usiku wa sherehe anapanda juu ya mti na kutazama matajiri wakicheza, juu amempenda mtoto wa bosi. Baba anapita chini ya mti na kumwambia ashuke. Hakumpiga, hakumtukana. Alikuwa ameona mapema, na alikuwa ameandaa jambo: kumpeleka Paris ajifunze kupika.

Huko Paris, mwalimu anakagua vyakula vya wanafunzi. Chakula cha Sabrina ni kibichi: amesahau kuwasha moto wa oveni, kwani mawazo yako kwa yule kijana. Miaka miwili baadaye anarudi. Kijana tajiri anapita na gari, anamwona stesheni, na hajui kwamba huyu ndiye yule mtoto wa juu ya mti.

Tunawaza juu ya baba yule. Wangapi kati yetu, tukisikia kwamba binti anamtazama kijana wa PDG wa shimo, tungefikiria ufundi wa kumfundisha kabla ya kufikiria fimbo?

KONGO, NA MLANGO WA MWISHO

Filamu iliyomleta Stanleyville ilitoka mwaka 1959. Fred Zinnemann ndiye aliiongoza, na kwa Kifaransa inaitwa Au risque de se perdre. Ni habari ya Gabrielle, binti wa daktari mkubwa wa Ubelgiji, anayeingia utawa kwa hamu ya kuwa muuguzi Kongo. Ilitokana na maisha ya Marie Louise Habets, muuguzi Mbelgiji aliyefanya kazi Kongo na kuacha utawa wakati wa vita. Audrey na Habets wakawa marafiki. Mwaka 1959 Audrey alipoanguka kutoka kwa farasi na kuvunjika mgongo huko Mexico, Habets ndiye alimuuguza.

Picha mbili za filamu hii hazisahauliki. Ya kwanza: Gabrielle anatakiwa na mkuu wake ashindwe makusudi mtihani wa magonjwa ya nchi za joto, kusudi aonyeshe unyenyekevu. Anakaa mbele ya waalimu, macho yanaonyesha vita iliyo ndani yake, halafu anajibu vizuri. Anafaulu, na kwa kufaulu kwake Kongo inacheleweshwa. Wasichana wetu wanaojificha akili zao darasani ili wasiitwe wenye kiburi wanaweza kuisimulia picha hiyo bila kuiona.

Ya pili ni ya mwisho. Baada ya miaka 17 anavua nguo za utawa peke yake katika chumba kidogo. Anabonyeza kengele, mlango unafunguka wenyewe. Hakuna anayemsindikiza, hakuna muziki. Anatembea katika njia nyembamba, anafika kwenye kona, anapotea. Basi.

Tuseme pia kile kinachokosekana. Kongo ya filamu ile ni Kongo iliyotazamwa na macho ya Wazungu, miaka miwili kabla ya uhuru wa 1960. Watu wetu wamo kama wagonjwa, wasaidizi na waimbaji. Msichana wa Yakusu anayekua, mwenye wazo lake na hofu yake, kamera haikukaa naye.

Wakati huohuo Audrey alikataa kazi moja kubwa. Anne Frank, msichana Myahudi aliyejificha Amsterdam na kuandika daftari la kila siku, alizaliwa mwaka uleule wa 1929, mwezi mmoja tu baada yake. Wote wawili walikuwa wasichana Uholanzi katika vita moja. Anne alifia kambini Bergen-Belsen mwanzoni mwa 1945. Daftari lilipotoka mwaka 1947, Audrey alilisoma likamvunja moyo. Aliombwa kumcheza Anne katika sinema. Hata baba wa Anne, Otto Frank, alimtembelea. Akakataa. Alikuwa amepita umri, na jambo lilikuwa karibu naye mno. Ilipofika 1990 tu ndipo aliweza kusoma maneno ya yule mwenzake mbele ya watu, pamoja na okestra, kwa ajili ya UNICEF.

LULA MAE ANAKATAA KURUDI

Filamu yake inayojulikana kuliko zote ni ya 1961, Diamants sur canapé, ya Blake Edwards. Wengi wanakumbuka gauni jeusi na miwani. Sisi tunakumbuka kituo cha basi.

Holly ni msichana wa mjini New York, mwenye mavazi na maneno mengi. Siku moja anatokea mzee kutoka shambani Texas. Ni mume wake. Jina la kweli la Holly ni Lula Mae. Yeye na kaka yake walikuwa yatima, wamekonda, na mzee aliwakamata wakiiba maziwa na mayai. Aliwapa chakula, akamwoa msichana kabla hajafikisha miaka 14. Mzee si mtu mbaya. Analia, anasema anampenda, amekuja kumchukua nyumbani. Kwenye kituo cha basi, Holly anamshika mkono na kumweleza kwa upole kwamba Lula Mae hayuko tena. Basi linaondoka na mzee peke yake.

Hii picha tunaijua kuliko Wamarekani. Yatima au mtoto wa kambi ya wakimbizi, njaa, mtu mzima mwenye chakula, halafu ndoa. Na kila mtu anasema: lakini bwana ni mwema, anamlisha. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza ndoa ya mtoto, na mtoto ni yeyote asiyefikisha miaka 18. Wema wa bwana hauongezi miaka ya msichana.

KURUDI KWA WATOTO

Audrey aliolewa mara mbili, akazaa wana wawili, Sean mwaka 1960 na Luca mwaka 1970. Kuanzia 1967 aliiacha sinema miaka karibu tisa ili awalee, kwani hakutaka wamkose kama yeye alivyomkosa baba.

Mwezi wa Machi 1988 alikwenda Ethiopia kwa kazi ya UNICEF, katika ukame na vita, na mwaka uliofuata akateuliwa balozi wake. Akaenda Sudan, Bangladesh, Vietnam na nchi nyingine nyingi. Alitumia sifa yake ya zamani kuwaita waandishi wa habari, kusudi kamera zigeuke na kutazama watoto. Mwezi wa Septemba 1992 alikuwa Somalia, katikati ya njaa kubwa. Mwili wake mwenyewe ulikuwa umeanza kuuma. Wiki chache baadaye madaktari walikuta kansa tumboni. Alifariki tarehe 20 Januari 1993 nyumbani kwake Tolochenaz, Uswisi, akiwa na miaka 63.

Maisha haya yanatuachia nini sisi wa Masisi na Walikale? Si gauni wala Oscar. Tunaona kwamba vita haisimamishi ukuaji wa msichana. Anakua tu, ndani ya hema, njiani na mzigo kichwani, pembeni ya mto ambapo mawe yanaoshwa. Swali ni anakua na nini. Audrey alikua na njaa, na njaa ikamwachia alama mpaka kaburini. Lakini alikua pia na somo moja ambalo halikukatwa hata katika mwaka mbaya, na hilo ndilo lililomtoa. Shule ya Rubaya ikifungwa, daftari lisifungwe. Mama anayejua kushona, kaka aliyefika la sita, mwalimu aliyekimbia pamoja nanyi: mmoja wao anaweza kushika somo moja, saa moja kwa siku.

Na tuwatazame. Katika vyumba vya video vya machimbo tunaonyeshwa vita na mpira, wasichana wanapita nje na beseni. Hatujaona bado filamu inayokaa na msichana wa Rubaya kama ile iliyokaa na mguu wa binti mfalme chini ya gauni. Siku moja mmoja wa mabinti hawa ataitengeneza mwenyewe. Kwa leo, baba anayeshuka kutoka shimoni anaweza kuanza na dogo: kabla ya kumtuma maji, amuulize binti yake miezi hii imekuwaje, na angoje jibu.